Alhamisi ya Korti ya Maji

Anayehamia Hispania huonywa mapema kuhusu maneno ya ofisini, na anayeonya anasema kweli. Kabla hatujapanda ndege kuja Valencia, Baba Watoto alikuwa ameshayapanga kwenye daftari lake la kazi, lile lenye madoa ya grisi, maana yeye ni fundi wa mashine na mkataba aliupata huku bandarini. NIE ni namba ya mgeni, ile inayoanza na X, Y au Z. TIE ni kadi yenyewe, ya picha na alama za vidole, ambayo unatakiwa kuiomba ndani ya mwezi mmoja tangu uingie nchini. Padrón ni daftari la wakazi la manispaa. Humo ndimo unamoandikwa kwamba wewe na wanao mnaishi mlango fulani wa mtaa fulani, na kila unakokwenda, shuleni au kituo cha afya, watakuuliza karatasi yake. Karatasi yenyewe ina daraja mbili: volante, ya kujionyesha tu, na certificado, inayotambulika hata mahakamani. Na ili upate chochote katika hivyo sharti uwe na cita previa, miadi, ambayo watu huiwinda kwenye intaneti usiku wa manane.

Majina yetu nayo yalitutoa jasho. Mhispania ana jina lake na majina mawili ya ukoo, la kwanza la baba na la pili la mama, na mwanamke haachi lake anapoolewa. Kwetu Tanga jina la mtoto linafuatwa na la babake, kisha la babu. Kwenye fomu, jina la Baba Watoto likawa ukoo wa kwanza wa wanawe, na jina la marehemu mkwe wangu likaangukia pale panapokaa ukoo wa mama. Kwa kuwa Baba Watoto mwenyewe ukoo wake wa kwanza ni jina hilohilo la babake, yeyote anayesoma kwa macho ya Kihispania alimwona ni mjomba wa watoto, si baba. Ilibidi vyeti vya kuzaliwa vitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, na kila dirishani tuvitandaze upya.

Hata hivyo maneno hayo ya ofisini yana mwenyewe. Yana ofisi, yana fomu, yana ofisa wa kuyaeleza hata kama amechoka, na wageni waliotutangulia wanayajua kwa moyo. Yaliyotutoa machozi mimi na familia yangu ni maneno ya nyumbani, yale ambayo hakuna anayefikiri kumfundisha mgeni kwa sababu wenyeji wameyanyonya pamoja na maziwa. Nayaeleza yaliyotupata kwa kirefu, kwa kuwa naamini kuna nyumba nyingi za wageni zinazopitia hayahaya na kunyamaza.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea. Ni mtu wa usafi. Kila asubuhi baada ya sala alipiga deki kibaraza chetu cha ghorofa ya tatu kwa ndoo nzima ya maji, na yaliyozidi yakatiririkia ukingoni. Chini yetu anakaa mama mmoja wa makamo, na kamba zake za nguo zimetandwa nje ya dirisha lake. Mara mbili tatu alitoa kichwa akatazama juu na kusema kwa sauti maneno marefu ambayo Mama aliyajibu kwa tabasamu na salamu ya mkono. Binti yetu, anayesoma darasa la tano, alitueleza jioni kwamba jirani analalamika nguo zake zinalowa. Mama akasikitika sana, akasema ataomba radhi. Lakini ataomba kwa lugha gani?

Juma hilohilo karatasi ikabandikwa kwenye kioo cha lifti. Herufi kubwa, nyeusi: AVISO. CORTE DE AGUA. JUEVES, DE 9 A 12 H. Kijana wetu ndiye aliyepanda nayo habari.

“Bibi, tumeandikiwa. Korti ya maji, Alhamisi.”

“Korti?” Mama aliweka kikombe chini. “Nani ameshtakiwa?”

Baba Watoto alishuka akaipiga picha karatasi ile, akaipa simu itafsiri kwa Kiswahili. Simu ikajibu: Mahakama ya Maji. Hapo hakuna aliyebaki na shaka, kwa sababu mahakama ya maji ipo. Mtu wa mji mwingine angecheka, lakini Valencia ipo kweli, tena ni fahari ya mji. Kijana wetu alikuwa amepelekwa na mwalimu wake kuitazama. Kila Alhamisi saa sita mchana, wazee wanane waliochaguliwa na wakulima wa mifereji ya mto Turia huketi mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu na kuamua kesi za maji: aliyefungua mfereji si zamu yake, aliyeacha maji yakafurika shamba la mwenzake. Hakuna wakili, hakuna maandishi. Kila kitu husemwa kwa mdomo, kwa Kivalensia, na hukumu hutolewa palepale. Mji uliadhimisha miaka elfu moja ya baraza hilo mwaka 1960, na mwaka 2009 UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu. Sasa tazama: siku ni Alhamisi, jambo ni maji, kosa ni kulowesha mali ya jirani. Kila kipande kiliingia mahali pake.

Na katika mji huu neno maji halipuuzwi. Tarehe 29 Oktoba 2024 mvua kubwa ilifurisha miji ya jirani, upande wa kusini hasa, na zaidi ya watu 200 wakafa katika mkoa huu. Onyo la kwenye simu lilitumwa baada ya saa mbili usiku, wakati wengi walikuwa wameshazingirwa na maji. Sisi tulihamia baadaye, lakini kila tunayekutana naye ana la kusimulia kuhusu siku ile. Karatasi inayotaja maji ikibandikwa, sisi tunaisoma kwa heshima.

Mama aliwahi kukaa katika baraza la kata huko nyumbani, na mambo ya kesi za majirani anayajua. Usiku wa Jumatano aliamuru bahasha itayarishwe. Zikaingia pasi za kusafiria, kadi za TIE, volante ya padrón, mkataba wa nyumba na risiti za kodi. Aliagiza pia kwamba nikaange kashata, kwa kuwa mkosaji haendi kuomba radhi mikono mitupu. Baba Watoto aliomba ruhusa kazini akasema ana wito wa baraza. Msimamizi wake, kwa jinsi alivyonisimulia, alimwangalia kwa muda mrefu kisha akamkubalia.

Alhamisi asubuhi, saa tatu na dakika chache, Mama alikwenda jikoni kuchukua maji ya kulowekea mchele ili tukirudi tuupike. Akafungua bomba. Likakohoa, likatoa uzi mwembamba wa maji, likanyamaza. Akalizungusha mpaka mwisho. Kimya.

“Wametukatia hata kabla ya hukumu,” alisema, na uso wake ulikuwa mzito.

Nataka msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa alione jambo hili vizuri. Hakuna watu duniani wanaojua kukatika kwa maji kuliko sisi. Mtu wa kwetu akidokezwa tu kwamba kesho kuna mgao, hahitaji maelezo: madumu yanajazwa, ndoo zinajazwa, hata sufuria za harusi zinatolewa kabatini. Tangazo lile lilikuwa linatuambia jambo tunalolijua kuliko majirani zetu wote. Corte ni kukata. Maji yatakatwa Alhamisi, saa tatu mpaka saa sita. Basi. Lakini tayari tulikuwa tumevaa, Mama yumo ndani ya buibui lake jipya, bahasha iko kwapani, kashata ziko kwenye kopo. Mchele ukabaki ndani ya beseni, beseni ndani ya sinki, na koki imefunguliwa mpaka mwisho wake.

Kanisa kuu lilikuwa limezungukwa na watalii. Wazee wale tuliwaona wakitoka kwa mstari, makoti meusi ya kikulima juu ya nguo zao, wakakaa kwenye viti vya mbao na ngozi vilivyopangwa duara ndani ya uzio wa chuma. Kengele za mnara zikagonga saa sita. Msaidizi wao, ameshika fimbo ndefu yenye kulabu ya shaba, akaanza kuita, mfereji mmoja baada ya mwingine, walioshtakiwa wajitokeze. Aliita Quart. Kimya. Aliita mwingine. Kimya. Kila alipoita, Mama alinyoosha mgongo, na kila alipovuka akapumua. Sikuwahi kumwona mtu akisikiliza kwa makini namna ile maneno asiyoyajua hata moja. Mwishoni hakuna mshtakiwa aliyejitokeza. Wazee wakainuka, watalii wakapiga makofi, na shauri likawa limekwisha kabla sijahamisha kopo kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Kijana wetu ndiye aliyekwenda kumuuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akiwaongoza wageni. Akamwonyesha picha ya tangazo. Yule mama aliisoma, akainama, akamweleza polepole, na kwa vidole viwili akafanya ishara ya mkasi. Kijana akarudi, uso umebadilika.

“Mama. Si korti. Ni kukata. Wamekata maji mpaka saa sita.”

Baba Watoto akatazama saa. Ilikuwa saa sita na robo. Nami nikakumbuka beseni.

Basi la kurudi lilisimama kila kituo. Tulipoingia mlango wa jengo tulisikia kelele kutoka juu, na ngazini maji yalikuwa yakishuka kwa utaratibu, ngazi moja hadi nyingine. Jirani wa chini alikuwa amesimama mbele ya mlango wetu na kandambili, sketi ameikunja mpaka magotini, furushi la taulo mkononi.

“¡La llave!” alimwambia Baba Watoto. “¡La llave de paso!”

Llave, kila mgeni analijua. Ni ufunguo, ni neno la wiki ya kwanza, siku unayokabidhiwa nyumba. Baba Watoto akampa ufunguo. Jirani akatikisa kichwa, akasema tena, kwa nguvu zaidi, “¡De paso, de paso!” Baba Watoto akafungua mlango, akampa rundo zima la funguo, la nyumbani, la baiskeli na la kabati la kazini. Yule mama alizipokea zote, akazitupa juu ya kochi, akavuka sebule maji yakimfika vifundoni, akafungua kikabati kilicho chini ya sinki, akapenyeza mkono mpaka nyuma kabisa ya chupa za sabuni, na kuzungusha kitu. Mlio wa maji ukakoma nyumba nzima. Kisha akamshika Baba Watoto mkono, akamwinamisha, akamwekea vidole juu ya kile kitu. Kilikuwa kigurudumu kidogo cha shaba kwenye bomba kuu. Fundi wa mashine, mtu anayefungua na kufunga valvu kubwa kuliko kichwa chake kila siku ya kazi, alikuwa amekaa ndani ya nyumba ile tangu tuhamie bila kujua koki kuu iko wapi, kwa sababu hakuna aliyemwambia inaitwaje ili aiulizie.

Mchele ulikuwa umesambaa jikoni mpaka koridoni. Mama alivua buibui, akachukua dekio, jirani akachukua jingine, wakaanza kutoka pande mbili za nyumba wakikutania katikati. Hakuna aliyetafsiri. Walipomaliza, Mama alimpeleka kibarazani, akamwonyesha ndoo yake, akaonyesha kamba za nguo kule chini, akaweka mkono kifuani. Yule mama alielewa. Akala kashata mbili, akafunga nyingine kwenye leso ya karatasi, kisha akatuita sote chini tukaone dari yake.

Doa lilikuwa la kutisha, la rangi ya chai, kutoka kwenye taa mpaka juu ya picha ya harusi yake.

Jioni ile mwenye nyumba alituandikia ujumbe: tumeshaiarifu bima? Alivyoandika yeye ni kwamba tumeshatoa parte kwa bima? Baba Watoto akakaa na kalamu akipiga hesabu ya sehemu gani ya gharama tunayotakiwa kuitoa, kwa maana parte tuliijua kuwa ni sehemu. Kumbe kutoa parte ni kutoa taarifa rasmi ya tukio. Na taarifa hiyo ina muda wake: sheria ya mkataba wa bima ya Hispania, ya mwaka 1980, inampa mwenye bima siku 7 tangu alipojua. Ukikaa unasubiri mtu akueleze, siku zinakwisha, na bima ikipata hasara kwa kuchelewa kwako inaweza kukudai. Hili linaniuma ninapofikiria familia zinazoweka barua za bima kwenye droo kwa sababu zimejaa maneno yenye sura ya kutisha. Sisi tulikuwa na bima kwa bahati tu: mwenye nyumba aliiweka kuwa sharti la mkataba, nasi tulisaini.

Tulipofungua mkataba wa bima kuusoma kwa mara ya kwanza kwa makini, binti yetu alikaa katikati yetu. Tukio linaitwa siniestro, na linapewa namba. Kila ukipiga simu hiyo namba ndiyo jina lako. Kilichotusimamisha ni ukurasa uliogawanywa mara mbili, continente na contenido. Binti akasema bila kusita, “Continente ni Afrika.” Shuleni ndivyo alivyofundishwa, na ni sahihi, continente ni bara. Katika bima ya nyumba ni jengo lenyewe, kuta, sakafu, mabomba ndani ya ukuta. Contenido ni vilivyomo: kochi, friji, nguo, mchele. Mpangaji kwa kawaida hukatia vilivyomo, na jengo hukatiwa na mwenye nyumba. Lakini dari ya jirani si yetu wala si ya mwenye nyumba wetu. Hiyo inaangukia mstari wa tatu, responsabilidad civil, dhima yako kwa madhara unayomsababishia mwingine. Mstari huo, uliochapwa kwa herufi ndogo, ndio uliotuokoa. Ningeweza kumshauri mgeni mpangaji jambo moja kuhusu bima, ningemwambia autafute huo kabla ya kuuliza bei.

Mthamini, perito kwa lugha yao, alikuja na kifaa kidogo cha kupimia unyevu ukutani. Alipima kwa jirani, akapima kwetu, akapiga picha. Aliuliza maji yalifunguliwaje. Baba Watoto alimweleza yote, kuanzia karatasi ya lifti mpaka viti vya ngozi, na kijana akawa mkalimani. Perito aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba dari sharti kwanza ikauke, wiki kadhaa, ndipo ipakwe rangi. Ikipakwa sasa doa litarudi. Ikawa hivyo, na bima ikalipa.

Mimi nasoma Kihispania katika shule ya watu wazima, jioni, pamoja na watu wa nchi nyingi. Tulikuwa tumefika kwenye vitenzi vya wakati uliopita. Nilimwomba mwalimu atupe somo moja la nyumba tu, kila mtu alete tangazo au barua ambayo hakuielewa. Mwalimu alikubali mara moja, na jioni hiyo meza zilijaa. Kijana wa Senegal alileta barua ya derrama, mchango wa ziada ambao wenye nyumba za jengo hupitisha kwenye kikao, akiwa na hofu tangu mwezi uliopita. Akaambiwa kwamba derrama humhusu mwenye nyumba, si mpangaji, isipokuwa mkataba useme vingine. Mwingine alileta bili ya umeme iliyoandikwa potencia, ile nguvu unayoilipia kila mwezi hata usipowasha taa. Ya kwake ilikuwa ndogo, ndiyo sababu umeme ulikuwa ukikatika akiwasha jiko na hita pamoja.

Mwanamke aliyekaa kando yangu, kutoka Ukrainia, alitoa kikaratasi kilichokuwa kimesukumwa chini ya mlango wake. Kilisema revisión del gas, ukaguzi wa gesi, kesho asubuhi, malipo mkononi kwa fedha taslimu. Mwalimu alikisoma mara moja, akakisoma tena, akaja akachuchumaa mbele yake. Ukaguzi wa kweli, alisema, hufanywa kila baada ya miaka 5. Kampuni ya usambazaji hukuarifu mapema, na gharama huingia kwenye bili. Hakuna anayekusanya fedha mlangoni. Hawa ni matapeli, na wanapenda majengo yenye wazee na wageni. Yule mwanamke aliuliza maneno mawili ili awe na uhakika, akainuka na simu yake akatoka koridoni. Mama yake mzazi ndiye angekuwa nyumbani peke yake asubuhi, na tulimsikia akimwambia kwa lugha yao, mara tatu, jambo ambalo sote tulilielewa: mlango usifunguliwe.